Uchumi wa Buluu haukumbatiwi

Mwalimu, "embrace" maana yake ni kukumbatia tu? (Mwanafunzi, Wete)

Kamusi unayo, ila umeishia mstari wa kwanza. Neno limetoka Kifaransa cha kale, na ndani yake mna mikono miwili. Waingereza wakalipeleka mbali: kupokea, kuunga mkono, kujumuisha. Sisi tumebaki kifuani.

Nimesoma kuwa fulani "aliukumbatia Uislamu" akiwa London. Ni sawa? (Mkunazini)

Alisilimu. Kitenzi kipo nyumbani, unakwenda kuazima cha nini?

Ofisi yetu inachapisha bango la uchumi wa bahari: "Tukumbatie Uchumi wa Buluu." Tunaomba baraka zako. (Chake Chake)

Sitoi. Nilikaa kwenye semina moja pwani ya mashariki, mtoa mada kutwa "tukumbatie, tukumbatie". Mama mmoja wa mwani, kanga ingali na chumvi, akamnong'oneza mwenzake: "Mie polo la mwani nshalikumbatia tangu bamvua. Huo uchumi mbona siuoni?"

Tena kwetu kukumbatia kusikokuwa kwa mikono kuna harufu. Anayewakumbatia wala rushwa anawakinga. Anayekumbatia cheo hataki kukiachia. Bango lenu litasomeka kwamba uchumi mnao ila mmeubana kwapani. Andikeni "Tuuchangamkie", au bora zaidi semeni mnachotaka watu wafanye: wahamishie mwani kwenye maji ya kina, wanunue boti, au nini? Mkishindwa kukitaja, tatizo si la lugha.

Nimeandika kwenye ripoti "Mkoa wa Kusini Pemba unakumbatia wilaya mbili". Bosi kakataa. (Mkoani)

Bosi ana haki. Mkoa una wilaya mbili, Chake Chake na Mkoani. Basi.

"Mama kamkumbatia mtoto mapajani"? (Bububu)

Kampakata. Na wewe ulipakatwa, umesahau.

Mhadhiri kataja kosa la "embracery", darasa zima likacheka. Ni kukumbatiana hadharani? (Mwanafunzi wa sheria, Tunguu)

Mngesoma kwanza, kisha mcheke. Ni kujaribu kulishawishi kwa njia chafu, kama hongo au vitisho, lile jopo la raia wanaoamua kesi. Waingereza walilifuta kosa hilo kwa sheria yao ya rushwa ya 2010. Hongo yenyewe ingali kosa, usije ukajibu vingine kwenye mtihani. Ama wanaokumbatiana Forodhani jioni, kesi yao iko kwa bibi zao, na huko hakuna rufaa.