Kava la msumeno limepauka na kupasuka

SWALI: Kava la juu la msumeno wangu wa zamani wa mnyororo limepauka, ukiligusa linaacha unga mweupe mkononi, na lina ufa kwenye tundu la skrubu. Gundi ya haraka iliachia. Rangi ya kopo nayo ilivimba pale petroli ilipodondokea. Nilikosea wapi?

JIBU: Geuza kava usome upande wa ndani. Mara nyingi kuna herufi kama PA6-GF30: PA6 ni aina ya nailoni, na GF30 ina maana asilimia 30 ya uzito wake ni nyuzi za kioo. Nailoni haiyeyushwi na petroli wala oili, ndiyo maana inafaa kazi hii, lakini gundi na rangi nazo hupata shida kuishika. Ule unga ni nailoni iliyoliwa na jua, nyuzi za kioo zikabaki wazi.

Kwa hiyo ufa hauzibwi kwa gundi, unachomelewa. Osha kava kwa sabuni ya vyombo hadi grisi iishe, kisha likaushe saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 70 hadi 80. Usiliruke hili: nailoni hunywa maji, na unyevu ukikutana na moto hutoa mapovu yanayodhoofisha kiungo. Toboa tundu la milimita 2 mwisho wa ufa ili usiendelee. Kwa ndani, chimba mfereji wa umbo la V hadi nusu ya unene, zamisha wavu mwembamba wa chuma cha pua kwa kifaa cha kulehemia risasi, kile cha mafundi redio, halafu jazia nailoni. Vile vifungio vya plastiki vya kubania nyaya kwa kawaida ni nailoni, vinafaa. Ukiona moshi na rangi ya kahawia, unaunguza. PA6 huyeyuka karibu nyuzi 220 tu. Acha ipoe yenyewe.

Kisha msasa wa maji, namba 320 halafu 600, hadi unga uishe. Usipige msasa mkavu, vumbi lake lina kioo. Puliza praima ya plastiki tabaka moja jembamba, kisha rangi ya magari inayochanganywa na hadina, yaani kemikali ya kuigandisha rangi. Rangi yako ya kopo haikuwa na hadina, ndiyo maana petroli iliilainisha. Hadina ina sumu ya isosianeti: vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, ya kitambaa haisaidii kitu. Usiidondoshee petroli kabla ya siku 7.

SWALI: Je, kinga ya mkono ya mbele iliyopasuka nayo naweza kuichomelea?

JIBU: Hapana, nunua nyingine. Ndiyo inayovuta breki ya mnyororo msumeno unaporuka. Na kama tangi la mafuta limeungana na mpini, usilikaribishie moto hata likiwa tupu, kwani mvuke wa petroli hubaki ndani.