Simu iliyoanguka Kitonga: mambo niliyojifunza kuhusu holda ya gari

Gari yangu ni Toyota IST, na kama magari mengi tunayoagiza Japani, ilikuja na skrini yake ya ramani. Inawaka vizuri tu, inanisalimia kwa Kijapani kila asubuhi, ila Tanzania haijawahi kuisikia. Kwa hiyo ramani yangu ni simu, na simu lazima iwe na pa kukaa. Kwa miaka miwili ilikaa kwenye holda ya elfu kumi niliyonunua Kariakoo, ile yenye raba ya kunyonya kioo.

Julai moja tulikuwa tunarudi Dar kutoka Iringa. Gari ilikuwa imelala nje kwenye baridi, kioo kimeshika ukungu kwa ndani. Nikafuta kwa kiganja, nikabandika holda, nikapachika simu, nikachomeka chaja, tukaondoka. Ilula tukapita salama. Tumeanza kuteremka mlima Kitonga, mbele yetu lori la mafuta linatambaa, holda ikaachia kioo na kila kitu chake, ikadondoka miguuni kwangu. Nikakanyaga breki, nikahisi kitu kigumu nyuma ya kanyagio. Inashuka nusu, inagoma.

Mkono wangu ulishaanza kwenda chini. "Usiiname! Angalia mbele, waya ninao mimi," mama watoto akasema. Nikaachia breki kidogo, nikaisogeza simu kwa kisigino, naye akaivuta kwa waya wa chaja kama anayevua samaki. Yote hayo hayakufika sekunde tano, lakini shati lilikuwa limelowa.

Tuliposimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu niliikagua ile raba. Ilikuwa ngumu kama kandambili za zamani, na kwenye kioo alama ya kiganja changu inang'aa kwa mafuta.

Wengi tunadhani raba ile inanata. Hainati. Ukiikandamiza unafukuza hewa iliyo chini yake, halafu hewa ya nje ndiyo inayoisukuma ikae pale kwenye kioo. Ikipatikana njia ndogo tu, vumbi au unyevu au ukingo uliokakamaa, hewa inarudi taratibu. Inaweza kuchukua saa nzima, ndiyo maana unapobandika unaridhika kabisa. Kwenye baridi raba inakuwa ngumu, haijilazi vizuri. Ongeza rasta za barabarani, vile vituta vidogo vya mfululizo, ongeza waya wa chaja unaoning'inia na kuvuta chini kila gari inaporuka tuta.

Siku hizi kioo nakifuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usidharau hili: kioo cha gari kwa ndani kina utando wa mafuta hata kama hujawahi kukigusa, kwa sababu plastiki za ndani zikichomwa na jua hutoa mvuke unaoganda pale. Raba naiosha kwa sabuni, na ikiwa imekakamaa nailoweka dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu, naikausha, ndiyo naibandika. Kisha naivuta kwa nguvu, nguvu kweli. Kama itatoka, itoke gari ikiwa imesimama.

Wanaobandika kwenye dashibodi kwa gundi wana adui mwingine: kijana wa kuosha magari. Ile polishi anayopuliza ili dashibodi ing'ae ni mafuta matupu, na gundi haishiki juu ya mafuta. Sugua sehemu hiyo kwa spiriti mara mbili, bandika, kisha uiache ilale mpaka kesho kabla ya kuitwisha simu. Gundi hizi hukomaa kwa saa, si kwa dakika. Na dashibodi yenye vipele, raba ya kunyonya haitaishika hata uiombee dua.

Holda ya kubana kwenye matundu ya kiyoyozi ina sifa moja kubwa, nayo ni ubaridi. Apple wenyewe wanaandika kwamba iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na nyuma ya kioo cha mbele saa saba mchana, ramani inatembea huku simu inachaji, unavuka hapo bila taabu. Skrini inafifia, mwisho simu inajizima. Lakini vile vibamba vya plastiki vya gari kuukuu vinavunjika kama biskuti. Mimi vimeshavunjika viwili, nikaacha.

Kuhusu mahali, nina ubishi na madereva wengi wa taksi. Wao wanaweka kulia, kwenye kona ya kioo karibu na dirisha. Kona hiyo tayari ina nguzo inayoficha watu. Ukiongeza simu hapo, bodaboda anayetokea kulia unamwona akiwa ameshafika. Pia umemsogezea simu mwenye mkono mrefu kwenye foleni, kioo kikiwa kimeshushwa. Upande wa abiria usiweke kitu juu ya yale maandishi ya SRS AIRBAG. Mfuko wa hewa uliomo humo ukifumuka, unafumuka kwa kasi ya kupepesa jicho, na holda iliyo juu yake inakuwa jiwe la kumpiga mtu usoni.

Yangu iko kushoto kwa usukani, chini kabisa ya kioo, ncha ya juu ya simu ikichungulia kidogo tu juu ya dashibodi. Mkono unafika bila bega kuinuka kutoka kwenye kiti. Waya nimeupitisha pembeni na kuubana kwa vipande vitatu vya gundi, haukatizi kwenye gia. Na safari naiandika kabla sijatoa gari, kwa sababu holda nzuri kuliko zote haisaidii kitu kama unachapa "Mikumi" ukiwa kwenye spidi ya 80.

Ukipaki, toa holda na ufute ule mduara inaouacha kwenye kioo. Mwizi anausoma kama kibao cha duka.

Ile holda ya Kitonga sikuitupa. Binti yangu aliiosha akaibandika kwenye mlango wa friji, anashikizia ratiba yake ya shule. Huu ni mwezi wa nne sasa, haijadondoka hata mara moja.