Muulize Kwanza Anayepiga Deki

Mara ya kwanza kwenda wodini kuchukua sampuli za bakteria, nilijiona nimekamilika. Nina vijiti vya pamba, maji chumvi yaliyochemshwa kuua vijidudu, kiolezo cha sentimita 10 kwa 10 cha kuonyesha eneo la kupangusa, kibali mfukoni. Nikapangusa reli za vitanda, vitasa na koki. Siku ya pili nafungua inkubeta (kabati la joto la kuoteshea bakteria), sahani za kuoteshea karibu zote tupu, agari, ile jeli wanayoota juu yake, inang'aa kama nilivyoimimina. Nikaanza kuisifu wodi.

Msimamizi wangu aliuliza kitu kimoja tu: "Walipiga deki saa ngapi?"

Nikarudi kumuuliza dada wa usafi. Hufuta vitanda kwa maji ya klorini kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nilifika saa moja. Klorini niliibeba kwenye pamba, ikaendelea kuua bakteria mle mle kwenye chupa njia nzima hadi maabara. Siku hizi maji yangu ya kulowanishia pamba yana sodiamu thayosalfeti kidogo, inaizima klorini. Na ratiba ya usafi naiandika kabla sijavaa glovu.

Kwa kupima bakteria wa hewani, sahani za agari zilizoachwa wazi zinatosha kuanzia: mita 1 kutoka sakafuni, mita 1 kutoka ukutani, kwa saa 1. Ila andika kama pangaboi lilikuwa linazunguka, madirisha yalikuwaje, na watu wangapi walipita. Watu hasa, maana ngozi zetu zinapukutika muda wote, na bakteria wengi wa Staphylococcus na Micrococcus utakaowaotesha wametoka humo. Ukiinama juu ya sahani huku unapiga soga, unajipima mwenyewe.

Ukiacha kuotesha na kutafuta bakteria kwa DNA yao (chembe za urithi), mambo ni magumu zaidi. Vumbi la ukutani lina DNA kiduchu, na kemikali za kuichuja nazo huja na DNA yao ya bakteria. (Tena DNA haikwambii kama mdudu yu hai au alishakufa.) Kwa hiyo kila siku ya sampuli fungua kijiti kimoja, kipunge hewani, usiguse kitu, kirudishe, kisha kipitishe hatua zote kama vingine. Sahani pia, acha moja bila kufunguliwa kabisa. Kitakachoonekana kwenye hivyo hakikutoka wodini.

Wenzangu wengi huona huko ni kupoteza vifaa, na kweli bei inauma. Mwaka jana sahani yangu isiyofunguliwa iliota koloni mbili, yaani vidoa viwili vya bakteria. Sahani zote za siku ile nilizitupa.