Berlin hakuna konda, lakini nauli ipo

Ndugu zangu, swali ninaloulizwa na wapwa, mashemeji na hata wazee wa mtaa wetu kule Tabata, Dar es Salaam, ni lilelile: je, ni kweli kwamba Berlin watu hupanda treni bila kudaiwa nauli? Chanzo chake nakijua. Video zinazozunguka kwenye simu zinamwonyesha mtu akishuka ngazi za stesheni, akiingia kwenye behewa na kuketi, bila geti, bila konda, bila mtu wa kumkatia tiketi. Hayo ni kweli kabisa, ila mpiga video amekata sehemu inayowaingiza wageni matatani.

Tiketi hununuliwa kwenye mashine au kwenye simu. Ile ya karatasi kwa kawaida haina nguvu mpaka uigonge muhuri wa saa kwenye kisanduku kilichopo stesheni kabla ya kupanda, na wapo wageni wanaolipa nauli yao kwa uaminifu, wakaitia tiketi mfukoni bila muhuri, na mkaguzi akawahesabu sawa na wasiolipa. Wakaguzi wenyewe mara nyingi hawavai sare. Mwanamke mwenye begi mgongoni, ambaye muda wote alikuwa akitazama simu kama abiria wengine, husubiri milango ifungwe, kisha huchomoa kitambulisho ndani ya koti na kuanza kupita kiti kwa kiti, huku mwenzake akitokea upande wa pili wa behewa. Hapo hakuna lugha ya "nitakupa mbele, kaka". Faini ni euro 60, na unaandikwa jina na anwani.

Wengi wetu nyumbani hatujui kwamba jambo hilo haliishii kwenye faini. Kusafiri bila tiketi Ujerumani ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 265a cha sheria ya adhabu, kilichowekwa mwaka 1935, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Anayekamatwa mara kwa mara hufikishwa mahakamani, hutozwa faini nyingine, na akishindwa kuilipa huitumikia gerezani. Wanaoishia huko si wajanja wa mjini. Wengi ni maskini, wagonjwa na wasio na makazi. Mwaka 2021 mwandishi wa habari Arne Semsrott alianzisha mfuko uitwao Freiheitsfonds, ambao hukusanya michango na kuwalipia watu wa namna hiyo ili watoke. Kwa maoni yangu, kumfunga mtu kwa nauli isiyofika euro 5 ni aibu kwa nchi tajiri, lakini sheria ndiyo hiyo, na kwa mgeni anayetarajia kuomba uraia, kesi ya jinai si kitu cha kuchezea.

Kwa hiyo mtu mwenye kazi hukata tiketi ya mwezi. Tiketi ya safari moja ndani ya mji inakaribia euro 4, na ukienda na kurudi kila siku, hesabu haikubali. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima, iitwayo Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026. Inakubalika kwenye mabasi, tramu na treni za kawaida za nchi nzima, isipokuwa zile za safari ndefu kama ICE. Fedha hukatwa benki kila mwezi, uwe umesafiri au umelala nyumbani, mpaka uisitishe mwenyewe kwa taarifa ya mapema.

Huduma yenyewe, nisiwe mchoyo wa sifa, ni nzuri. Reli ya chini ya ardhi inafanya kazi tangu 1902, na mchana treni hupishana kwa dakika chache tu. Tramu ziko hasa mashariki, kwa sababu upande wa magharibi ulikwisha kuziondoa zote kufikia 1967, wakati mji ukiwa umegawanywa na ukuta. Kugombania dirisha na kuning'inia mlangoni nimekusahau. Lakini ipo migomo, zipo lifti mbovu zinazomlazimisha mama kubeba kigari cha mtoto ngazini, na yapo matengenezo ya wikendi ambapo treni husimamishwa na abiria wote hupakiwa kwenye mabasi ya dharura, na huko ndiko utakumbuka msongamano wa daladala za Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Jambo la mwisho ni la wanaotaka kuja kufanya kazi za usafi, hospitali au jikoni, ambazo nyingi ni za zamu. Treni za chini ya ardhi hutembea usiku kucha mwishoni mwa wiki tu. Usiku wa siku za kazi hubaki hasa mabasi, ambayo kwa kawaida hupita kila nusu saa, na ukilikosa moja mwezi wa Januari, nusu saa hiyo utaisubiri kwenye baridi. Kabla ya kukubali chumba cha bei rahisi pembezoni mwa mji, uliza kwanza ni basi gani la usiku linalopita hapo.