Tiketi za msimu za Sabres? Mkuu, weka kalamu chini kwanza

Usisaini. Salamu baadae, niko breki kazini na breki yenyewe fupi.

Kwa wasiojua uzi unahusu nini (naandika mwisho wa Juni 2025): mleta uzi kahamia Buffalo, jimbo la New York, Marekani, wenzake kazini wanataka wachange watu wanne wachukue tiketi za msimu za Buffalo Sabres, timu ya hoki ya barafu ya hapa, wamemwambia vijana ni wadogo, ujenzi (wa timu, si wa uwanja) umekaribia kuisha na msimu ujao ndo wenyewe. Anauliza kwa nini ujenzi umechukua miaka yote hii, viti vya juu vinaona vizuri au la, na mtoto wake wa miaka sita aanzie wapi kujifunza kuteleza. Mimi nina la hela na la ujenzi tu, hayo mengine wadau watamjibu.

Mkuu "msimu ujao ndo wenyewe" ni salamu ya mji huu, ukifika tu unapokelewa nayo. NHL, ligi ya hoki ya Marekani na Kanada, ina timu 32 na 16 zinaingia mtoano, yani nusu ya darasa inafaulu kila mwaka, na hawa wamefeli misimu 14 mfululizo, kuanzia 2011-12 mpaka 2024-25. Hakuna timu nyingine katika historia ya ligi hiyo iliyowahi kukaa nje muda mrefu hivyo. Sasa wewe unataka kuweka hela ya kodi ya nyumba hapo kwa sababu jamaa wa ofisini kakuonyesha video ya kijana wa miaka 19 anapiga chenga.

Najua kwa sababu na mimi nilionyeshwa video. Ilikuwa 2023, timu imetoka kumaliza na pointi 91 na kukosa mtoano kwa pointi moja tu, mshambuliaji wao Tage Thompson kafunga magoli 47, mji mzima umepagawa. Kuna mzee mmoja tulikuwa naye shifti ya usiku, shabiki tangu utotoni, ana viti viwili kule juu, akaniambia ndugu yangu nichangie nusu ya mechi, ukichelewa mwakani bei itakuwa haishikiki. Na kulikuwa na jamaa mmoja wa YouTube ambaye kila jioni anatoa orodha ya chipukizi wa timu, huyu kaorodheshwa wa ngapi, yule atakuwa nani akifika miaka 24, na mimi nikiwa naosha vyombo nasikiliza nakubali kwa kichwa. Nikalipa. Pointi 84. Wakashuka badala ya kupanda, kocha Don Granato akafukuzwa.

Hapo mtu mwenye akili anatoka. Mimi nikarudia mwaka wa pili! Kwa nini? Kwa sababu walimrudisha Lindy Ruff, kocha wa mwisho kuifikisha timu hii mtoano mwaka 2011, na mzee wa shifti akasema sasa mambo yamerudi kwa mwenyewe. Nikatoa hela iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya bati za nyumba ya mama Tanga. Mama mpaka leo anajua bati zilipanda bei, na tuiache hivyo hivyo tafadhali, najua kuna ndugu zangu humu.

Tarehe 3 Desemba 2024, Jumanne, nakumbuka maana nilibadilishana shifti ili niende. Colorado Avalanche wamekuja. Sabres wanaongoza 4-0, watu wamesimama, mimi nimempigia video shemeji yangu aone. Mechi ikaisha 5-4. Kwa Colorado. Pembeni yangu alikuwepo baba mmoja na binti yake, goli la nne la Colorado lilipoingia hakusema kitu, akaanza tu kumvalisha mtoto glavu, kidole kimoja kimoja, huku mechi bado inaendelea. Hiyo ilikuwa katikati ya mechi 13 mfululizo bila ushindi. Baada ya hapo nikawa naingia kwenye app kuuza tiketi zangu na kuna usiku zilikuwa zinakwenda kwa bei chini ya parking, halafu app nayo inakata chake.

Ndo meneja mkuu Kevyn Adams akajitokeza Desemba hiyo hiyo kueleza kwa nini wachezaji hawataki kuja: hatuna minazi, na kodi za New York ziko juu. Minazi! Minazi ya kupuliza ikaanza kuonekana kwenye viti. Mimi nimezaliwa Tanga chini ya minazi yenyewe na nimekuja kuishi Buffalo kwenye theluji ya magotini, na West Side yote hii imejaa Wakongo, Warundi na Wasomali waliotoka kwenye joto wakabaki, sasa huyo mtu wa kulipwa mamilioni anayeshindwa kuja kwa sababu ya mnazi ni nani? Hali ya hewa haikuwa tatizo timu ilipokuwa inashinda.

Haya, kwa nini ujenzi umegoma. Kwa walio nyumbani wanaofuata mpira wa miguu tu: kule hawanunuani kwa hela kama Simba na Yanga, wanabadilishana wachezaji, na kila mwaka kuna drafti ambapo timu zinachagua chipukizi, na iliyofanya vibaya zaidi inapewa nafasi kubwa ya kuchagua mwanzo. Ndo maana timu inaweza kuamua kufungwa makusudi. Sabres walifanya hivyo 2014-15 wakimtaka Connor McDavid, chipukizi aliyesubiriwa kuliko wote, na tarehe 26 Machi 2015 Arizona, waliokuwa wanagombea nao mkia, waliwafunga kwenye muda wa nyongeza ndani ya Buffalo, na mashabiki wa Buffalo wakashangilia. Uwanjani kwao. Wakamaliza wa mwisho kama walivyotaka, bahati nasibu ya nani achague wa kwanza ikachezeshwa, Edmonton wakashinda wakamchukua McDavid. Buffalo wakampata Jack Eichel, wa pili. Si mbaya hata kidogo, Eichel ni mchezaji wa kweli. Mwaka kabla walishampata Sam Reinhart, naye wa pili. Kiangazi hicho hicho cha 2015 wakamleta Ryan O'Reilly kutoka Colorado. Halafu 2018 wakampata Rasmus Dahlin, namba moja kabisa.

Soma tena hayo majina. Masenta wawili wa daraja la juu (Eichel na O'Reilly), winga mfungaji (Reinhart), beki namba moja (Dahlin). Ujenzi ulikuwa UMEISHA mkuu, nyumba ilikuwa imesimama, kilichobaki ni kuezeka (sitaki utani wa bati hapa).

Tarehe 1 Julai 2018 wakamuuza O'Reilly kwa St. Louis Blues, yani wakambadilisha na wachezaji wengine. Alikuwa na miaka 27 na mkataba mpaka 2023. Aliponzwa na mdomo, mwisho wa msimu alisema ukweli kwamba kufungwa kumezoeleka humu ndani na kuna wakati mapenzi ya mchezo yalimtoka. Mtu anasema nyumba ina moto, badala ya kutafuta maji wanamfukuza anayepiga kelele. Na siku hiyo hiyo ya Julai alikuwa anadai bonasi ya dola milioni 7.5, wakamhamisha kabla haijawagusa wao. Wakaletewa Patrik Berglund, ambaye Desemba aliacha akaondoka mkataba ukavunjwa, wakaletewa Vladimir Sobotka, aliyefunga magoli 5 msimu mzima, wakaletewa kijana Tage Thompson na nafasi za drafti. St. Louis ilikuwa ya mwisho ligi nzima mwanzoni mwa Januari 2019, na Juni ikabeba Kombe la Stanley, ndo ubingwa wa NHL, O'Reilly akatajwa mchezaji bora wa mtoano na akachukua na tuzo ya mshambuliaji anayekaba kuliko wote. Ile nafasi ya drafti ya raundi ya kwanza iliyosifiwa sana? Bingwa anachagua mwisho, kwa hiyo ikawa namba 31. Wa mwisho kabisa kwenye raundi.

Najua kuna mdau atakuja kuniambia "lakini Thompson". Ndiyo, Thompson kawa mkubwa, 47 yale na 44 msimu wa 2024-25. Lakini alichanua 2021-22, miaka mitatu na zaidi baadae, na alipochanua wenzake wa kucheza naye walikuwa wameshauzwa! Hilo ndo tatizo lenyewe, yule anayeiva leo anakuta wa jana kaondoka, halafu anasubirishwa mpaka wa kesho aive, na yeye akichoka anauzwa kupata wa keshokutwa.

Na hela ipo, usidhani hakuna. 2019 wakampa Jeff Skinner miaka 8 kwa dola milioni 9 kila mwaka, akatoka magoli 40 akaenda 14 akaenda 7. 2024 wakamlipa aondoke, na hesabu yake itawakaa shingoni mpaka 2030. Winga wa milioni 9 yupo, senta wa milioni 7.5 ni ghali.

Baada ya hapo ni mteremko. Juni 2020 wakafagia meneja na watu wa ufundi na maskauti, watu 22 kwa mkupuo. Eichel akaumia shingo Machi 2021, yeye anataka upasuaji wa kuwekewa diski bandia, timu inakataa, wakamvua unahodha Septemba, Novemba wakampeleka Vegas. Akafanyiwa upasuaji wake anaoutaka, 2023 akabeba Kombe. Reinhart waliyempeleka Florida Julai 2021 kwa kipa chipukizi Devon Levi na nafasi ya drafti, alifunga magoli 57 msimu wa 2023-24, akafunga goli la ubingwa kwenye mechi ya saba ya fainali, na Juni 2025 akapiga manne peke yake usiku Florida wanabeba kombe la pili mfululizo. Kipa Linus Ullmark aliachwa aende bure Boston 2021, 2023 kawa kipa bora wa ligi.

2019, 2023, 2024, 2025. Mabingwa wote hao wana mtu wa kwetu katikati. Tunajenga vizuri sana, ila tunajengea watu.

Makocha sizungumzii sana, kati ya Ruff wa kwanza na Ruff wa pili walipita sita. Mmojawapo Ralph Krueger, wapenzi wa EPL mnaweza kumkumbuka, ndiye alikuwa mwenyekiti wa Southampton enzi za Wanyama. Akaja kuwa kocha huku, 2021 timu ikacheza mechi 18 bila kushinda, akafukuzwa katikati yake. Kila kocha na mfumo wake, kila meneja na vijana wake anaowapenda. Vijana wa yule aliyetangulia wanageuka wa kuuzwa. Jamaa wa ofisini wanauita huu ujenzi mmoja wa miaka 14, mimi nahesabu angalau mitatu, na kila mmoja ulianza kwa kuvunja uliokuwepo.

Sasa nikirudi kwa yule wa YouTube, maana bado nina hasira naye. Kila jioni anahesabu wanaokuja. Hajawahi hata siku moja kuhesabu wanaoondoka, kwa sababu hesabu ya wanaoondoka haina watazamaji. Kanuni yangu ndo hiyo na ni moja tu, imenigharimu bati: timu inayojitangaza inajengwa, usiangalie ilimchagua nani kwenye drafti, angalia mchezaji wake mzuri akifika miaka 23 mpaka 27 anabaki au anatafuta mlango. Akitafuta mlango hakuna kujenga hapo, hata wapewe namba moja kila mwaka. Kumbuka 2021 walipewa namba moja tena, wakamchukua Owen Power, na misimu miwili ya karibuni pointi ni hizo hizo 84 halafu 79.

Na Juni hii ya 2025, kabla hata hujaletewa hiyo fomu, winga JJ Peterka, miaka 23, magoli 27 na pointi 68 msimu wa 2024-25, kapelekwa Utah. Senta Dylan Cozens kapelekwa Ottawa Machi 2025, na mkataba wake wa miaka saba ulikuwa haujafika hata nusu. Waulize hao wenzako watatu, hayo wameyaweka wapi kwenye hesabu yao ya msimu ujao? Mzee wangu wa shifti nilipomuuliza alisema Peterka alikuwa hakabi. Wakiondoka wote huwa hawakabi.

Hao waliobaki na Thompson wanaweza kesho wakaingia mtoano, sibishi, hakuna ubaya wa milele na nitakuwa wa kwanza kupiga honi mtaani. Lakini usilipie leo. Kama unataka kuona hoki nunua mechi moja moja siku ile ile jioni kwenye simu, Jumanne au Jumatano dhidi ya timu isiyo na jina, hao wenye tiketi za msimu ndo watakuuzia kwa huruma. Toronto akija kaa nyumbani, mashabiki wao wanavuka mpaka na kujaza uwanja wetu, bei inapaa na utakaa katikati ya jezi za bluu unaimbiwa. Wakikubana kuhusu mchango waambie mke kakataa, mimi ningekuwa na akili hiyo ndo ningesema. Breki imeisha, ngoja nirudi.