DeWalt na Stanley ni kampuni moja, kwa nini nilipe zaidi?

Ndugu, nimekuelewa: umesikia kampuni ni moja, sasa unataka kuacha drili ya DeWalt uchukue Stanley kwa kazi yako ya useremala.

Ni kweli, Black & Decker iliinunua DeWalt mwaka 1960, ikaungana na Stanley mwaka 2010. Lakini mwenye mali kuwa mmoja hakufanyi mashine zilingane. Kila jina lina mteja wake na bei yake, na betri za DeWalt haziingii kwenye Stanley.

Kwa kazi ya kila siku, chukua DeWalt. Kwa kutoboa ukuta mara mojamoja nyumbani, Stanley inatosha.

Kabla hujalipa, uliza spea: kaboni (vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye mota na huisha kwa kusagika), swichi, beringi. Mimi niliwahi kununua grainda ya bei rahisi. Kaboni zilipoisha nilizunguka maduka yote nikakosa, mashine nzima ikawa chuma chakavu. Dai risiti na waranti pia, maana bandia ni nyingi.

Mashine ikitoa harufu ya kuungua, chomoa umeme umpelekee fundi wa kusuka mota, usiifungue mwenyewe.