Hiyo 6378 ya "tuko ikweta" ifute: jibu kwa mleta uzi wa jedwali la umbali

Mkuu, hilo faili usilitume kwa wenzako bado. Nenda kwenye seli ya nusukipenyo cha dunia, futa 6378.137, kisha urudi hapa usome.

Umeuliza mambo manne: fomula ipi uweke kwenye Excel kupima umbali kati ya stesheni za wapenda redio wa Kampala, Kigali, Nairobi, Mombasa na Mbeya, nusukipenyo kipi cha dunia utumie, uelekeo wa antena unapatikanaje, na programu ipi ya simu ni nzuri. Naanza na hilo la pili kwa sababu ndilo litakaloharibu mashindano yenu, na ndilo lililoharibu ya kwetu. Tulitoa pointi moja kwa kila kilomita ya mawasiliano, jedwali likatoka, watu wakapongezwa, halafu nafasi ya pili na ya tatu zikabadilishana baada ya matokeo kutangazwa. Chanzo ni sentensi ileile uliyoinukuu: "Sisi tuko kwenye ikweta, kwa hiyo tumia nusukipenyo cha ikweta."

Ushauri huo una sura ya ukweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Namba yenyewe haina kosa. Kwenye WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, kutoka kitovu cha dunia hadi ikweta ni kilomita 6,378.137, na hadi ncha ya kaskazini au kusini ni 6,356.752. Dunia imebonyea juu na chini. Mtu akiziona namba hizo mbili anasema, mimi niko ikweta, nachukua ile kubwa. Lakini fomula ya tufe, yaani inayoichukulia dunia kuwa mviringo kamili kama mpira, haitaki kujua uko mbali kiasi gani na kitovu. Inataka kujua ardhi unayoipita imejikunja kiasi gani. Hayo ni mambo mawili tofauti, na huku kwetu yanakwenda kinyume kabisa.

Shika chenza, kikonyo kiwe juu. Pale penye kikonyo ganda limelala bapa. Sasa shusha kidole kutoka juu kwenda chini: kikifika ubavuni, penye tumbo la chenza, ganda linapinda haraka. Tumbo liko mbali zaidi na kitovu, na papo hapo ndipo mkunjo wa juu-chini ulipo mkali zaidi. Digrii moja ya latitudo ni kiasi cha njia unachokwenda mpaka wima wa mahali ulipo uiname kwa digrii moja. Penye mkunjo mkali wima unainama upesi, kwa hiyo njia ni fupi. Penye ubapa utatembea zaidi. Kwa hiyo digrii moja ya latitudo kwenye ikweta ni kilomita 110.574, na karibu na ncha ni 111.694. Wafaransa walikwenda hadi Peru ya wakati ule mwaka 1735, na wenzao Lapland mwaka 1736, kupima jambo hilihili, maana wakubwa wa elimu walikuwa wanabishana dunia imebonyea wapi. Limeshamalizwa. Halihitaji kura ya jukwaani.

Kwa hiyo ukisafiri kaskazini-kusini karibu na ikweta, nusukipenyo cha mkunjo, yaani cha duara linalopinda sawa na ardhi hiyo, ni kilomita 6,335.4. Ile 6,378.137 inapatia upande mmoja tu, mashariki-magharibi juu ya ikweta, ambako digrii moja ya longitudo ni kilomita 111.320. Anayekwambia uitumie kwa pande zote anakuongezea karibu asilimia 0.67 kwa kila mawasiliano ya kaskazini-kusini.

Tazama kwenye stesheni zako. Kampala (0.32, 32.58) hadi Mbeya (-8.90, 33.45): kwenye WGS84 ni karibu kilomita 1,024. Faili la 6378 linakupa karibu 1,031. Kilomita saba za bure. Sasa Kigali (-1.95, 30.06) hadi Mombasa (-4.04, 39.67): jibu la kweli ni karibu 1,093, na faili linakupa 1,093 na ziada isiyofika nusu kilomita. Wote wametumia nguvu ya antena ya kufanana na umbali wa kufanana, ila mtu wa Mbeya anavuna pointi saba kila akisikilizana na Kampala, na wa Kigali haambulii kitu. Mawasiliano kumi tu ya namna hiyo ni pointi sabini, na kwenye jedwali letu nafasi hazikutofautiana hata hizo.

Aliyelisambaza faili lile aliandika juu kabisa "sahihi hadi mita". Hakulipima na kitu chochote. Aliona desimali sita baada ya nukta akadhani ndio usahihi, na watu wazima tukambeba. Mtu anayewapa wengine chombo cha kupimia bila kukijaribu hata mara moja anawakosea, na mimi hilo silipunguzi makali.

Najua utasema basi niweke 6371, wastani, kama wanavyofanya wengi. Afadhali, lakini hujapona. Kampala-Mbeya inakuwa karibu 1,030, bado unazidisha zaidi ya kilomita tano, na Kigali-Mombasa sasa inapungua karibu kilomita moja. Utasoma mahali pengi kwamba kosa la tufe halizidi asilimia 0.3. Hayo ni maneno ya mtu aliye latitudo za kati. Kwenye latitudo 45 digrii moja ya latitudo ni kilomita 111.13, karibu sawa na 111.195 inayotolewa na tufe, na hata mashariki-magharibi kosa halifiki asilimia 0.3. Huku ikweta, kaskazini-kusini, ni asilimia 0.56. Sisi ndio tulio mahali pabaya zaidi pa kutumia tufe, na maelezo mengi hayakuandikwa kwa ajili yetu.

Kanuni yangu ni moja, nayo ndiyo jibu langu hata kwa programu ya simu, na ukisahau yote shika hii: kabla hujaingiza stesheni hata moja, ipe programu jozi mbili ambazo majibu yake yanajulikana.

Jozi ya kwanza, kutoka latitudo 0, longitudo 30, hadi latitudo -10, longitudo 30. Jibu ni kilomita 1,105.855.

Jozi ya pili, kutoka latitudo 0, longitudo 30, hadi latitudo 0, longitudo 40. Jibu ni kilomita 1,113.195.

Digrii kumi huku, digrii kumi kule, tofauti ya zaidi ya kilomita saba. Programu ikikupa jibu moja kwa zote mbili, ni ya tufe, hata kama imeandikwa nini kwenye ukurasa wake. 1,111.949 kote ni tufe ya 6371. 1,113.195 kote ndilo faili lako hilo. Ukipata 600.4, umepewa maili za baharini za mita 1,852, ukipata 690.9, ni maili za barabarani. Ukikutana na 16,350 na kitu, hujageuza digrii kuwa radiani, kipimo cha pembe ambacho fomula hizi hutumia. Dakika mbili za kazi, na zinakamata karibu kila ugonjwa wa programu hizi za wapenda fani.

Longitudo 30 sikuiokota tu. Inapita ubavuni mwa Kigali, na ndiyo mstari ambao wapima ardhi waliupima kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kazi iliyokamilika mwaka 1954. Jina la Arc 1960, mfumo wa koordineti unaouona umeandikwa pembeni ya ramani zetu za zamani, linatokana na mstari huo, na nitalirudia hapa chini.

Sasa ufanye nini badala ya tufe. Fomula ya Vincenty ya mwaka 1975 inapima juu ya elipsoidi, yaani umbo la dunia iliyobonyea, na kosa lake ni chini ya milimita moja. Udhaifu wake ni kwamba inagoma kwa pointi mbili zinazokaribia kuwa pande tofauti kabisa za dunia, lakini upande wa pili wa Dar es Salaam ni katikati ya Pasifiki, hakuna wa kukujibu huko. Njia ya Karney ya mwaka 2013 haigomi popote, na ndiyo iliyomo kwenye GeographicLib, maktaba ya programu za kupimia. Kama una lugha ya programu ya Python kwenye kompyuta, andika pip install geographiclib, kisha ndani yake from geographiclib.geodesic import Geodesic, halafu Geodesic.WGS84.Inverse(0, 30, -10, 30)['s12']. Jibu linakuja kwa mita. Gawanya kwa 1,000. Ukitumia geopy, maktaba nyingine ya Python, angalia jina: geodesic ni elipsoidi, great_circle ni tufe. Watu wanachukua la pili kwa sababu jina lake linafanana na walichokuwa wanakitafuta. Kwa asiyetaka Python, kipimo cha umbali cha QGIS, programu ya ramani, kiweke kwenye elipsoidi, si kwenye ramani bapa. Halafu bandika majibu kwenye Excel yako kama namba tupu, fomula zisiwepo kabisa.

Koordineti zenyewe, kwa kifupi, maana fomula safi haioshi namba chafu. Dar es Salaam iko 6°48' kusini, 39°17' mashariki. Hiyo ni -6.80, 39.28. Ukiandika 6.48 na 39.17 umechukua dakika ukazifanya desimali, na mlingoti wako umesimama baharini kati ya Bagamoyo na Unguja, kilomita 37 kutoka nyumbani. Ukisahau alama ya kutoa, stesheni inahamia Ethiopia, milima ya Bale, kilomita 1,500 kaskazini. Na usisome koordineti kwenye ramani ya zamani ya 1:50,000 ukazichanganya na za GPS: ramani zile ni za Arc 1960, na karibu na ikweta pointi ileile inatofautiana na WGS84 karibu mita 300 kaskazini-kusini na kama 90 mashariki-magharibi. Soma pembeni ya ramani, imeandikwa.

Tena, asikupe mtu lokeita ya herufi nne, ule msimbo wa herufi na tarakimu ambao wapenda redio hutajia kisanduku cha ramani walichomo. KI93 ya Dar ni kisanduku cha digrii mbili kwa moja, kilomita 221 kwa 110. Programu moja inachukua katikati ya kisanduku, nyingine kona ya kusini-magharibi, na kati ya hizo mbili ni kilomita zaidi ya 120. Ujumbe wa kawaida wa WSPR, mfumo wa wapenda redio wa kutuma ishara dhaifu, unabeba herufi nne tu, kwa hiyo kilomita unazoziona kule ni za makadirio, usizitoe pointi. Dai herufi sita, au bora zaidi koordineti kamili.

Kuna mahali pamoja tu ambapo tufe inatakiwa. Kwenye mashindano ya masafa ya VHF ya Kanda ya 1 ya IARU, umoja wa kimataifa wa wapenda redio, kanda ambayo Afrika imo, kanuni inasema digrii moja ihesabiwe kilomita 111.2, na kila mshiriki anahesabu hivyo. Hapo fuata kanuni. Lakini mashindano yenu ni yenu, na mmesema wenyewe mnataka kilomita za kweli.

Uelekeo wa antena usikusumbue, kati ya tufe na elipsoidi tofauti haifiki hata nusu digrii na antena yako ya Yagi haioni hiyo. Ila Excel ina mtego: ATAN2 yake, fomula inayotoa pembe ya uelekeo, inaanza na x ndipo y, lugha nyingi za programu zinaanza na y. Ukinakili fomula bila kugeuza mpangilio, aliye kaskazini utamwelekezea mashariki.

Endesha zile jozi mbili kwenye faili lako leo na uweke majibu yake hapa kabla hujalituma kwa mtu yeyote. Yakiwa 1,105.855 na 1,113.195, tuma. Yakiwa kitu kingine, bandika na fomula yenyewe, nitaisoma usiku huu.